Shujaa Akibadilishwa, Mashabiki Hugombania Nini?

Kuanzia Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu hadi mabaraza ya Langoni, wasomaji wa katuni za Kimarekani wana ubishi usiokwisha: nani Batman wa haki, nani Spider-Man wa haki, na yule aliyevishwa vazi badala yake alistahili au hakustahili. Sikiliza vizuri na utaona kwamba wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Huyu ameisoma hadithi nzima kwa siku tatu kutoka kwenye mkusanyo, yaani kitabu kinachounganisha matoleo mengi. Yule ameona filamu tu. Wa tatu amesoma lawama zilizoandikwa na Wamarekani wakati mkasa ulikuwa bado haujafika katikati, naye amezichukua kama hukumu ya kazi yote. Kila mmoja ana lake la kweli, ila maneno yao hayakutani.

Mara nyingi mashabiki hawamkasirikii mtu mpya kwa upya wake. Hukasirishwa na namna kiti kilivyoachwa wazi, na hukasirika zaidi mchapishaji anapowaficha aliyekikalia ni nani. Wapo wa aina tatu. Kaimu ameshika nafasi kwa muda, kama James Rhodes alipovaa deraya ya Iron Man mwaka 1983 kwa sababu mwenyewe, Tony Stark, alikuwa amezama katika ulevi. Mrithi amechukua kazi kwa haki baada ya mwenyewe kuondoka, kama Wally West alivyokuwa Flash baada ya Barry Allen kufa. Mporaji amemwondoa mwenyewe akajikalisha. Wasomaji wanaweza kumvumilia hata mporaji, tena wakamfurahia. Wanaloshindwa kulivumilia ni kumleta kaimu na kuapa kwamba ni wa milele, au kumvunjia heshima aliyekuwepo ili mrithi apate pa kukaa.

Ratiba, tarehe na mauzo

Nusu ya hasira hizi huzaliwa na ratiba ya uchapishaji, kwa hiyo tuanzie hapo. Jarida la kawaida la DC au Marvel, wachapishaji wakubwa wa katuni Marekani, hutoka mara moja kwa mwezi likiwa na kurasa 20 hadi 22 za hadithi. Shujaa mkubwa huwa na majarida kadhaa yanayokwenda sambamba, na mkasa mmoja unaweza kuanza katika jarida hili ukaendelea katika lile. Anayenunua moja tu hukuta pigo bila kuona nani kapiga. Maduka ya katuni ya Marekani huagiza nakala miezi miwili hivi kabla ya toleo kutoka, na kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kwamba nakala isiyouzwa hairudishwi. Ili mwenye duka ajue aagize ngapi, mchapishaji hutangaza mapema jalada, muhtasari, mwandishi na mchoraji. Siri huvujia hapo. Jalada la toleo la mbele likionyesha shujaa wa zamani amesimama, msomaji ameshajua mwisho wa mkasa ambao hajaufikia katikati. Na miezi ikipita bila dalili yake yoyote, anaamini ameondoka kweli, hasira inapanda.

Tarehe ya juu ya jalada nayo hupoteza watu. Kwa desturi huwa ya baadaye kuliko siku ya kuuzwa kwa miezi kama miwili. Superman namba 75, toleo ambalo Doomsday anamuua Superman, lina tarehe ya Januari 1993 ingawa liliingia madukani Novemba 1992. Ukipanga malalamiko ya wasomaji kwa tarehe za majalada, utaona watu wanalalamika kabla ya kilichowakera kutokea. Barua za wasomaji zilizochapwa kurasa za nyuma zina kasoro ya upande wa pili: zilichelewa kwa miezi kadhaa, kwani toleo huwa limeshafungwa barua zinapofika, na aliyezichagua ni mhariri mwenyewe. Mikusanyo mingi imeziacha kabisa. Msomaji wa mkusanyo anapata hadithi bila kelele zilizoizunguka.

Kuhusu mauzo, takwimu zinazotajwa kwa kawaida ni nakala zilizonunuliwa na maduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi walinunua nakala tatu nne za toleo moja wakiamini zitapanda bei. Superman namba 75 iliuzwa kwa mamilioni, pamoja na chapa maalumu iliyofungwa ndani ya mfuko mweusi na kitambaa cheusi cha msiba cha kufunga mkononi. Mamilioni hayo ya nakala hayakuwa mamilioni ya wasomaji, wala hayathibitishi kwamba walipenda walichosoma.

Batman aliyetengenezwa ili achukiwe

Mfano ulio na mafunzo mengi kuliko yote ni wa Batman, 1993 na 1994, katika mkasa ujulikanao kama Knightfall. Mhariri wa kundi la majarida ya Batman wakati huo alikuwa Dennis O'Neil, ambaye miaka kumi nyuma ndiye aliyeandika matoleo ya Rhodes kuvaa deraya ya Tony Stark. Alikuwa na swali. Sinema na katuni za kipindi kile zilijaa mashujaa wanaoua bila kusita. Je, wasomaji wanamtaka Batman wa namna hiyo? Badala ya kuuliza kwa maneno, wahariri na waandishi wake waliwapa.

Maandalizi yalianza mapema, na hili wengi hawalijui. Mwaka 1992 kilitoka kisa cha matoleo manne, kikiandikwa na O'Neil na kuchorwa na Joe Quesada, kilichomleta Jean-Paul Valley, mwanafunzi aliyepandikizwa akilini, bila yeye kujua, mafunzo ya muuaji wa jumuiya ya siri ya Saint Dumas. Jina lake la kazi ni Azrael. Mwanzoni mwa 1993 Chuck Dixon na mchoraji Graham Nolan wakamleta Bane katika toleo maalumu. Kwa hiyo kabla mkasa wenyewe haujaanza, mvunjaji alikuwepo na mbadala alikuwepo.

Kisha mtego ukafyatuka kwa hatua. Bane anawafungulia wahalifu wa Arkham, hospitali wanakofungiwa wahalifu wenye wazimu. Batman anawafukuzia mmoja baada ya mwingine, usiku hadi usiku, mpaka nguvu zinamwishia. Katika Batman namba 497, ya Julai 1993, iliyoandikwa na Doug Moench na kuchorwa na Jim Aparo, Bane anamngojea nyumbani kwake mwenyewe na kumvunja mgongo juu ya goti. Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, akiwa kitandani, anaagiza vazi apewe Jean-Paul. Katika namba 500, ya Oktoba mwaka huo, Jean-Paul anatokea na deraya ya chuma yenye makucha, iliyobuniwa na Quesada, na anamshinda Bane.

Mpaka hapo wasomaji wengi walikuwa wamesisimka. Malalamiko makubwa yalikuja baadaye, katika sehemu iitwayo Knightquest, na yalikuwa matatu yanayotakiwa kutenganishwa.

La kwanza: kwa nini si Dick Grayson? Huyu alilelewa na Bruce, alikuwa Robin wa kwanza, na alikuwa mtu mzima mwenye jina lake la Nightwing. Mrithi wa wazi yupo, halafu nyumba anakabidhiwa mgeni wa juzi ambaye akili yake inajulikana kuwa na hitilafu. Sababu iliyotolewa, kwamba Dick ana maisha yake na Bruce hakutaka kumtwisha mzigo, ilikuwa nyembamba mno. Wasomaji walikuwa na haki hapa, na wahariri walilikubali kwa vitendo: baada ya Bruce kupona, vazi lilikwenda kwa Dick katika mkasa wa Prodigal, mwishoni mwa 1994 na mwanzoni mwa 1995, na Bruce na Dick wakalizungumza jambo hilo ana kwa ana.

La pili: ukatili. Jean-Paul anamfukuza Robin, Tim Drake, na kuziba njia ya kuingilia pangoni. Anapigana kama anayelipiza kisasi. Anamwacha muuaji Abattoir aanguke na kufa huku akiwa ndiye pekee anayejua alikomficha mateka wake, na mateka naye anakufa. Wasomaji walichukia. Lakini chuki hiyo ndiyo iliyokuwa inatafutwa. Jean-Paul alikuwa jibu lililovaa deraya kwa wale waliokuwa wakidai Batman mkali zaidi. Anayesema leo kwamba Azrael alishindwa kwa sababu watu hawakumpenda ameusoma mkasa kinyume. Kitu cha kuulizwa ni kama DC ilikuwa na haki ya kuwaweka wasomaji kwenye jaribio hilo kwa karibu mwaka mzima bila kuwaambia. Kwa maoni yetu ilikuwa nayo, kwa sababu jaribio lisingefanya kazi msomaji akijua.

La tatu lilihusu ufundi, na ndilo ambalo hatuwezi kulitetea. Mgongo uliovunjwa kwa maandalizi makubwa ulipona kwa nguvu za kimiujiza za tabibu Shondra Kinsolving, katika sehemu ya mkasa ambayo haikuwa hata kwenye njia kuu ya hadithi. Msomaji aliyelipa miezi kadhaa kuangalia mtu akivunjwa alistahili kumwona akiunganishwa kwa jasho lilelile. Mazoezi ya baadaye chini ya Lady Shiva, bingwa wa mapigano, yalisaidia, lakini hayakufuta ile njia ya mkato.

Mwisho wenyewe, katika KnightsEnd ya 1994, umetengenezwa kwa akili nyingi. Bruce hamshindi Jean-Paul kwa ngumi. Anamvuta ndani ya njia nyembamba ya chini kwa chini, na ili apite Jean-Paul analazimika kuvua deraya yake kipande kwa kipande. Wanapofika mwisho Bruce anafungua mlango wa juu, jua linaingia kwa ghafla kwenye miwani ya kuonea gizani, na Jean-Paul anavua barakoa kwa mkono wake. Kurasa zile ndizo hoja nzima ya mkasa, na anayemaliza KnightsEnd bila kuiona njia ile ameyapita mateke akaiacha hadithi.

Kuna jambo la kiutendaji linalozalisha ubishi hadi leo. Mikusanyo ya kwanza ya miaka ya 1990 iliiruka Knightquest. Aliyesoma kwa vitabu vile alimwona Jean-Paul akimshinda Bane, kisha akafungua kitabu kinachofuata na kukuta kila mtu anataka aondolewe. Akauliza: kafanya nini? Ilikuwa mpaka mikusanyo ya 2012 ndipo sehemu kubwa ya utawala wake ikaingia. Ukikutana na mtu anayeshikilia kwamba Azrael alionewa, muulize kwanza alisoma chapa ipi.

Adui ndani ya mwili wa shujaa

Spider-Man wa 2013 ni kisa cha mporaji halisi. Doctor Octopus, yaani Otto Octavius, mwili wake unakufa baada ya miaka ya vipigo. Anatumia roboti yake ndogo kubadilishana akili na Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe. Katika Amazing Spider-Man namba 700, iliyotoka Desemba 2012 ikiandikwa na Dan Slott na kuchorwa na Humberto Ramos, Peter anafia ndani ya mwili wa adui yake. Anachofanikiwa kabla ya kufa ni kumpitishia Otto kumbukumbu zake zote, na Otto, akilemewa na uzito wa uchungu wa maisha yale, anaapa kuwa Spider-Man bora kuliko mwenyewe. Januari 2013 likaanza jarida jipya, Superior Spider-Man.

Hasira ilitangulia toleo. Kurasa zilivuja kabla ya siku ya kuuzwa, watu wakajua kwamba Peter anakufa bila kusoma namna anavyokufa, na Slott alipata vitisho vya kuuawa. Tuseme wazi: kumtishia mtu kwa sababu ya hadithi ni uovu, wala hakuna maelezo ya kishabiki yanayoupunguza. Ila maelfu waliokasirika bila kumtisha mtu walikuwa na mambo ya kusikilizwa. Moja lilikuwa Mary Jane. Otto ana uso wa Peter, sauti ya Peter na kumbukumbu za Peter. Mwanamke anayempenda Peter hajui anazungumza na nani. Suala la ridhaa hapo ni zito, na wasomaji waliliona kabla waandishi hawajalisema. Katika toleo la pili Otto mwenyewe anaachana naye, na hatari ile ikazimwa mapema.

Huku pwani tunaijua hadithi ya mtu aliyemwua shujaa kwa kutaka nafasi. Mtoto wa Fumo Liyongo alidanganywa na mtawala wa Pate, akaahidiwa cheo na binti, akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo akainuka, akaenda kisimani, akapiga goti na upinde wake umevutwa, akafa hivyohivyo, na watu wakaogopa kuteka maji. Hakuna msimulizi aliyewahi kukaa kutuambia yule mtoto angekuwa shujaa wa namna gani. Hadithi inamfukuza, anaugua na kufa. Njia aliyopitia imeshafunga swali. Marvel ilifanya lile ambalo wasimulizi wetu hawakulifanya: ilimwacha muuaji kwenye kiti kwa matoleo 31 na kumtaka msomaji amtazame kila mara akifanya kazi.

Na alifanya kazi. Otto alitega roboti ndogo mji mzima ili ajue uhalifu kabla haujakomaa. Alirudi chuo kutafuta shahada ya uzamivu (PhD) aliyoiacha Peter. Alianzisha kampuni. Akampenda Anna Maria Marconi, na hapo hata waliomchukia wakaanza kulainika. Wakati huohuo alimpiga risasi muuaji Massacre aliyekuwa ameshashindwa, na katika toleo la 9 akafuta mabaki ya akili ya Peter yaliyokuwa yamejificha kichwani mwake. Toleo hilo liliwasha moto upya, kwa kuwa mwishoni mwa toleo la kwanza wasomaji walionyeshwa kivuli cha Peter bado kipo. Walipewa tumaini, kisha likazimwa mbele yao. Kwa ufundi ilikuwa hatua sahihi. Msomaji aliyekwishajua kwamba mwenye mwili atarudi haogopi chochote, na mkasa wa mporaji bila woga haufiki mbali.

Kilichofuata ndicho kinachowachanganya wengi. Mwaka 2014 filamu mpya ya Spider-Man ilikuwa njiani, na Aprili Peter akarejea katika Amazing Spider-Man namba 1. Wengine waliamua kwamba filamu ndiyo iliyomrudisha. Lakini ukisoma matoleo ya mwisho utaona Otto anaondoka mwenyewe: anakiri kwamba kumwokoa Anna Maria kunamhitaji Peter, naye anajifuta. Uamuzi ule hauwezi kusimama bila matoleo yote yaliyoutangulia. Wengi waliokuwa wameapa kuliacha jarida mwaka 2012 walimlilia Otto 2014. Waliobaki na hasira wengi wao ni wale walioacha kweli.

Mkasa wa zamani wa Spider-Man ulifanya kosa ambalo huu uliliepuka. Mwaka 1995 wasomaji waliambiwa kwamba Peter waliyemfuata tangu 1975 alikuwa nakala iliyotengenezwa maabara, na kwamba Ben Reilly ndiye wa asili. Ben akavaa vazi. Mwishoni mwa 1996 ikabatilishwa, Ben akafa na mwili wake ukawa vumbi. Ben mwenyewe alikuwa na wapenzi wengi na anao hadi sasa. Kilichoumiza ni kuambiwa kwamba miaka 20 ya kusoma ilimhusu mtu asiye yeye. Otto alipora mwaka mmoja na miezi. Ben, bila kosa lake, aliwekwa mahali palipopora miongo miwili.

Kiti kimoja kiliachwa kwa heshima, kingine kwa aibu

Linganisha Flash na Green Lantern, vyote vya DC. Barry Allen alikufa 1985 akiokoa ulimwengu, katika Crisis on Infinite Earths namba 8. Wally West, mwanafunzi wake tangu utotoni, akachukua vazi, na jarida lake likaanza 1987. Kwa miaka ya mwanzo alikuwa mdogo kwa Barry kwa kila hali, kasi hata tabia, na waandishi hawakulificha hilo. Mwaka 1993 Mark Waid akaandika kurudi kwa Barry, ambaye anafichuka kuwa adui mkubwa aliyejificha katika sura yake, na Wally analazimika hatimaye kuamini kwamba anaweza kumfikia mwalimu wake. Msomaji aliyekuwa bado anamlilia Barry alipewa Barry, akaonyeshwa hatari ya kung'ang'ania, akamwachia Wally. Barry wa kweli hakurudi mpaka 2008. Zaidi ya miaka 20 mrithi alikaa, na kizazi kizima kinamjua yeye kuwa Flash.

Sasa Hal Jordan, Green Lantern, askari wa kikosi cha anga ambacho nguvu zake zimo katika pete. Mji wake wa Coast City uliangamizwa 1993. Katika Green Lantern namba 48 hadi 50, mwanzoni mwa 1994, matoleo matatu tu, Hal anarukwa na akili, anawapiga wenzake na kuwanyang'anya pete zao, anamuua adui yake Sinestro, anamuua mwenzake Kilowog, anawamaliza Walinzi, wakuu wa kikosi hicho. Mmoja aliyesalia, Ganthet, anampa pete ya mwisho kijana mchoraji aliyemkuta uchochoroni: Kyle Rayner. Mwandishi wa matoleo hayo alikuwa Ron Marz.

Hesabu kurasa. Matoleo matatu ni kama kurasa 70 za kumgeuza mtu aliyekuwa shujaa tangu 1959 kuwa muuaji wa marafiki zake. Huzuni ya kupoteza mji ingeweza kumfikisha huko, lakini ilihitaji mwaka. Mashabiki walijikusanya katika kikundi kilichojiita H.E.A.T., wakachanga pesa na kulipia tangazo katika gazeti la mashabiki kudai Hal asafishwe jina. Na Kyle? Kyle alikuwa kijana mwema, mwenye ubunifu, anayejifunza kazi bila mwalimu kwa sababu mwalimu kawaua walimu wote. Alilipia deni ambalo hakulikopa. Juu ya hilo, katika namba 54 mpenzi wake Alexandra aliuawa na maiti kutiwa ndani ya jokofu ili Kyle apate uchungu wa kumkomaza, na mwaka 1999 mwandishi Gail Simone akalitumia tukio hilo kuipa jina orodha yake ya wanawake wa katuni walioteswa na kuuawa.

DC ilitumia miaka kumi kurekebisha: Hal akafa akiokoa jua 1996, akapewa kazi ya Spectre, roho ya kisasi, na hatimaye 2004 Geoff Johns akaeleza kwamba kilichomtawala ni kiumbe wa woga aitwaye Parallax. Hoja hiyo imekuja nyuma ya tukio, na inaonekana. Ila angalia jambo moja jema: Hal aliporudi, Kyle hakudhalilishwa. Alibaki Green Lantern. Ni kwa sababu hiyo ugomvi wa Hal na Kyle leo umepoa.

Robin wa pili alipata hukumu kali kuliko hawa wote. Mwaka 1988 DC ilitoa namba mbili za simu, senti 50 kila mara, wasomaji waamue kama Jason Todd afe. Kura 5,343 zilitaka afe, 5,271 aishi. Tofauti ni 72. Aliyefuata, Tim Drake, alipokelewa vizuri mwaka 1989 kwa sababu alikuja kwa mlango tofauti: aligundua kwa akili yake Batman ni nani, na alichotaka ni kumrudisha Dick Grayson kazini. Aliyekuja kumwombea mwingine ndiye aliyepewa kiti.

Hasira isiyohusu hadithi

Ipo pia hasira inayovaa nguo za hoja na ndani yake ni ubaguzi. Mwaka 2011 Miles Morales, kijana mwenye asili ya Kiafrika na Kilatino, alikuwa Spider-Man wa majarida ya Ultimate, yenye ulimwengu wake mbali na ule wa kawaida wa Marvel, baada ya Peter wa huko kufa. Mwaka 2014 Sam Wilson akawa Captain America, na Jane Foster akaokota nyundo ya Thor. Kelele zilianza kabla ya kurasa kusomwa. Kupima ni rahisi. Mwaka 1983 Walt Simonson alimpa nyundo ile Beta Ray Bill, kiumbe wa anga mwenye uso kama wa farasi, akapendwa. Mwaka 1986 Thor alikuwa chura. Aliyeyakubali yote mawili kisha akasema mwanamke anaharibu asili ya Thor, hoja yake si asili ya Thor.

Hata hivyo usiwatie wote kapu moja. Kuhusu Thor palikuwa na lalamiko la haki: mwenyewe alipoteza ustahili wa kuinua nyundo kwa neno alilonong'onezwa na Nick Fury, na neno lenyewe halikufichuliwa mpaka 2017. Kwa miaka zaidi ya miwili kiti kilikuwa wazi kwa sababu isiyojulikana. Kilichouokoa mkasa ni mwandishi, Jason Aaron, ambaye alikuwepo kabla ya Jane na akabaki baada yake, na wazo moja lenye uzito: Jane ana saratani, na kila anapoinua nyundo dawa zote zinasafishwa mwilini mwake. Ushujaa wenyewe unamuua.

Angalia pia walivyojibiwa wapinzani ndani ya hadithi. Miles alipotokea mara ya kwanza na vazi la Peter, watu mtaani walimwambia ni kukosa adabu kwa marehemu. Baadaye akapata vazi lake jeusi na jekundu. Jane yeye alikutana na mhalifu Absorbing Man anayesema maneno ya wapinzani, akamvunja taya. Ukurasa ule ulishangiliwa na kulaaniwa. Njia ya Miles ni bora, kwa kuwa ilikubali kwamba msomaji mwenye huzuni anaweza kuwa na huzuni tu.

Ukitaka kuingia ubishini

Kabla ya kuichukua hasira ya mtu, tafuta iliandikwa baada ya toleo gani. Maoni juu ya Superior yaliyoandikwa Desemba 2012 yanahusu kurasa zilizovuja. Kisha angalia nani aliyekuwa mwandishi kabla, wakati na baada ya mabadiliko: akiwa mmoja, aghlabu kuna mpango, wakibadilika watatu, huenda mpango ulikuwa wa ofisi ya mauzo. Soma angalau matoleo mawili ya mtu mpya akiwa peke yake, bila mkasa mkubwa, maana hapo ndipo anapojulikana.

Kwa Batman, anza na kisa cha Azrael cha 1992 na toleo la Bane, ndipo Knightfall, Knightquest bila kuiruka, KnightsEnd na Prodigal. Kama kifurushi cha data hakitoshi kwa yote, punguza matoleo ya wahalifu wa Arkham mwanzoni, ubakize Knightquest. Kwa Spider-Man, matoleo ya 698 hadi 700 kisha Superior 1 hadi 31 kwa mfuatano. Kwa Flash anza namba 62 ya jarida la Wally, pale Waid alipoingia, uende hadi 79. Green Lantern namba 48 hadi 50 zisome mwisho, ukiwa umeshampenda Kyle katika matoleo yake mengine, ili umhukumu aliyekivunja kiti bila kumchapa aliyekikalia.